Gari kushuka chini si lazima lishike kona

Wapenzi wengi wa Subaru Impreza wanaamini kwamba kadiri gari linavyokaribia lami ndivyo linavyoshika kona. Ni kweli nusu tu. Ukizungusha ringi ya springi za kurekebisha, yaani zile zinazokuwezesha kupandisha au kushusha gari, kitovu cha uzito wa gari kinashuka, na hilo ni jema.

Sasa ingia chini, tazama mguu wa mbele. Ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, ambao kiwandani huinama kidogo kuelekea nje, ukishusha mno ncha yake ya nje inatazama juu. Kwa mfumo huu wa MacPherson, ambao shokomzoba na springi husimama pamoja juu ya mkono huo mmoja wa chini, uliobuniwa Marekani miaka ya 1940, hapo kitovu ambacho bodi huzunguka inapolala kwenye kona hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito. Wenzo, yaani umbali kati ya vitovu hivyo viwili, unarefuka, gari linataka kulala zaidi, na ndiyo maana springi lazima ziwe ngumu kuliko za awali. Tena raba ya shokomzoba, ile inayozuia isibonyee hadi mwisho, inagongwa mapema: katikati ya kona tairi linaweza kuachia ghafla, jambo linalonitia hofu kweli.

Mimi ningeishia kushusha milimita 20 au 30, kisha moja kwa moja kwa fundi wa alaimenti, anayenyoosha magurudumu.