Kikombe si mizani: dhana potofu za vipimo vya jikoni

"Kikombe kimoja ni gramu 250."

Za maji, ndiyo, tena kikombe kiwe cha mililita 250. Kijaze unga wa ngano, utapata kama gramu 130 tu. Sukari hukaribia 210, na asali hupita 350. Kikombe hupima nafasi, mizani hupima uzito. Sokoni hili halina ubishi: debe la mkaa unalinyanyua mwenyewe, debe la mahindi unamwita mtu akutwike. Hata pishi ya wazee wa pwani, yenye vibaba vinne, ilikuwa kipimo cha ujazo.

"Nimeshajua gramu za kikombe cha unga, nimemaliza."

Bado mkono wako. Ukichovya kikombe ndani ya mfuko na kukishindilia, unaweza kutoka na gramu 150 na ushee. Ukiutia unga kwa kijiko, taratibu, kisha ukasawazisha juu kwa mgongo wa kisu, utarudi kwenye zile 130. Kwa vikombe vitatu, tofauti imefika gramu 60, yaani karibu nusu kikombe cha unga ambao hakuna aliyekwambia uutie. Halafu tunailaumu hamira maandazi yakiwa magumu!

Soma pia mpangilio wa maneno. "Kikombe cha unga uliochekechwa" maana yake chekecha kwanza, ndipo upime. "Kikombe cha unga, kisha uchekeche" ni kinyume chake, na huo wa pili ni mwingi zaidi, kwa sababu unga ukichekechwa huingia hewa na kujaa haraka.

"Kikombe ni kikombe, popote duniani."

Cha Marekani ni kama mililita 237, cha Australia 250, cha Japani 200. Kijiko kikubwa kwa wengi ni mililita 15, lakini Waaustralia wao ni 20. Na kile kikombe chako cha chai? Kiweke juu ya mizani ya dijitali, rudisha namba kwenye sifuri, jaza maji. Gramu utakazosoma ndizo mililita zake. Mimi changu nimekiandika chini kwa kalamu ya wino usiofutika.

"Lita ya mafuta ni kilo ya mafuta."

Ni gramu 920 hivi. Mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana huelea.

"Bila mizani huwezi kupika sawasawa."

Hapa wapenda mizani wanazidisha. Nusu kijiko cha hiliki au cha baking powder pima kwa kijiko tu, maana mizani nyingi za nyumbani husoma gramu nzima nzima, na kiasi kidogo hivyo huzichanganya. Wali nao hauhitaji mizani: mchele na maji ukivipima kwa kikombe kile kile, uwiano unabaki palepale, kiwe kikubwa au kidogo.

Ila usiupeleke ujanja huo kwenye keki. Kikombe kikiwa kikubwa, unga na sukari vinaongezeka pamoja. Mayai yanabaki yale yale matatu.