Stenlesi Nayo Hushika Kutu

Hapa Tanga, ambako upepo wa bahari hula bati kabla mwenye nyumba hajamaliza deni lake, imani moja imedumu: kwamba mwenye leseni ya silaha akichagua rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) kubwa ya stenlesi, iwe ya kubeba kila siku au ya kwenda nayo porini, ameagana na kutu. Sivyo.

Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi, ambayo ikikutana na oksijeni hufanya utando mwembamba usioonekana kwa macho, nao hujirudishia ukikwaruzwa. Adui wa utando huo ni chumvi, kwa kuwa kloridi iliyomo ndani yake huutoboa mahali padogo padogo, kisha vishimo vikaendelea kuchimbika chini kwa chini. Tena stenlesi si moja. Ile ya vyombo vya baharini, namba 316, ina molibdenamu, metali inayosaidia utando huo kuhimili chumvi. Mitutu ya silaha kwa kawaida hutumia kundi la 400, ambalo hukerezeka vizuri na hukazwa kwa moto, lakini halivumilii chumvi kiasi hicho.

Kinachopuuzwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ala ya ngozi, ambayo ikilowa jasho hukumbatisha chuma na chumvi usiku kucha. Silaha itolewe risasi, ipanguswe, ipakwe mafuta mepesi, ilale nje ya ala ndani ya kabati lenye kufuli. Springi zake zikaguliwe pia, maana mara nyingi hazikutengenezwa kwa stenlesi.