Kabla ya kupandisha toleo, hakikisha njia ya kurudi

Mwezi huu nimekuwa Kisumu nikifanya kazi na chama kimoja cha akiba na mikopo ambacho hifadhidata yake bado inaendeshwa na programu ya MySQL, toleo la 5.7. Toleo hilo lilifikia mwisho wake Oktoba 2023, maana yake ni kwamba tundu lolote la usalama linalogunduliwa sasa halizibwi tena na watengenezaji, na hali hiyo haifai mahali panapotunzwa fedha za watu. Tunakwenda toleo la 8.4, ila kutoka 5.7 hairuhusiwi kuruka moja kwa moja. Ni lazima kwanza kutua kwenye 8.0. Mhasibu wa chama aliponiuliza kazi itachukua saa ngapi, nilimwomba tuanze na swali jingine: mambo yakikwama, tutarudije tulikotoka, na njia hiyo ya kurudi itabaki wazi mpaka saa ngapi?

Swali hilo lina uzito kwa sababu seva ikishapandishwa kutoka 5.7 hadi 8.0, hakuna amri ya kuishusha. Njia pekee ya kurudi ni nakala ya akiba iliyochukuliwa kabla ya kupandisha. Wengi hudhani kwamba mradi nakala ipo, basi wako salama, lakini nakala hiyo huanza kuchakaa mara tu mwanachama wa kwanza anapoweka fedha kwenye mfumo mpya, kwa kuwa ukiirejesha baada ya hapo unafuta amana yake. Kwa hiyo mpaka ambao ukiuvuka huwezi kurudi haupo pale unapowasha toleo jipya, bali pale unapopokea muamala wa kwanza, na mpango mzima wa kuhamisha data unapaswa kulenga kusogeza mpaka huo mbele kadiri inavyowezekana.

Sisi tumeusogeza kwa njia mbili. Kwanza, baada ya kupandisha, mfumo utafunguliwa kwa kusoma tu hadi hesabu zote zilinganishwe. Pili, taarifa za malipo ya M-Pesa, ambazo haziwezi kuambiwa zisubiri kwa sababu mwanachama aliye Ahero au Maseno hajui kwamba tuko kazini, zitapokelewa na programu ndogo iliyo kwenye seva tofauti na kuhifadhiwa kwenye foleni jinsi zilivyokuja, bila kubadilishwa hata herufi moja. Foleni hiyo inaweza kumiminwa kwenye hifadhidata mpya au ya zamani, na baada ya kumiminwa haitafutwa kwa siku saba. Tukilazimika kurudi Jumatatu, malipo ya M-Pesa yataingizwa upya kutoka hapo, na ya kaunta yataingizwa kutoka kwenye stakabadhi za karatasi.

Kuhusu nakala yenyewe, nina jambo ambalo siwezi kuliandika kwa sauti ya chini. Miaka kadhaa iliyopita, katika ushirika mmoja ambao sitautaja, tulichukua nakala kila usiku kwa muda mrefu na hatukuwahi kuirejesha hata mara moja. Siku tulipoihitaji, tulikuta faili imekatika katikati ya jedwali la mikopo kwa sababu diski ilikuwa imejaa. Programu ya mysqldump, tuliyokuwa tukichukulia nakala, huandika mwishoni mwa faili mstari mmoja unaothibitisha kwamba unakili umekamilika. Mstari huo haukuwapo, na hakuna aliyekuwa ameutafuta. Tangu siku hiyo siiti faili nakala ya akiba mpaka niirejeshe kwenye mashine nyingine, nifungue daftari la mwanachama na nione salio lake.

Kwa hiyo tulifanya mazoezi kamili kwa nakala ya data halisi, na kasoro zilijitokeza hapo. Jedwali la vikundi lilipewa jina "groups" na walioujenga mfumo, na katika 8.0 neno hilo limekuwa miongoni mwa maneno yaliyotengwa kwa ajili ya SQL, lugha yenyewe ya kuiamuru hifadhidata, hivyo kila amri iliyolitaja bila alama za kulifunga ilikataliwa. Kosa la namna hiyo ni jepesi, kwani linapiga kelele. Linaloogopesha ni lile lisilolalamika: katika 5.7, amri ya GROUP BY, inayokusanya mistari katika makundi, ilikuwa pia ikipanga matokeo kwa mfuatano, na 8.0 imeiacha tabia hiyo. Ripoti moja ya mikopo ilikuwa ikijumlisha salio mstari kwa mstari kwa kutegemea mpangilio huo. Ilichapishwa vizuri kabisa, bila onyo lolote, huku masalio ya katikati yakiwa si sahihi. Tuliongeza ORDER BY, amri ya kupanga matokeo, kisha tukapitia ripoti nyingine zote moja baada ya nyingine.

Kasoro ya tatu ilihusu majina. Huku kwetu majina yenye ng' ni mengi, na yanapoandikwa kwa simu kile kikoma cha juu mara nyingi huwa kilichopinda, ambacho katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kama baiti, huchukua baiti tatu. Mfumo wa zamani ulikuwa ukizituma baiti hizo kwenye jedwali la latin1, mfumo unaohesabu kila baiti kuwa herufi moja, kupitia muunganisho uliodai kuwa latin1, kwa hiyo zilirudi kama zilivyokwenda na kila kitu kilionekana sawa. Toleo jipya huanza na utf8mb4, yaani UTF-8 kamili kwa jina la MySQL, na Ong'ayo akatokea na alama tatu za ajabu katikati ya jina lake. Ukiamuru jedwali ligeuzwe moja kwa moja, uharibifu huo unaandikwa rasmi ndani ya data. Sharti safu igeuzwe kwanza kuwa baiti tupu, ndipo iambiwe kwamba baiti hizo ni utf8mb4.

Kuna waliopendekeza usiku huohuo tubadilishe pia muundo wa majedwali. Nimekataa. Katika MySQL, amri ya kubadilisha jedwali hujithibitisha yenyewe papo hapo na haiwezi kutenguliwa kama amri za kawaida za data, na hitilafu ikitokea hutajua imeletwa na toleo au na muundo. Safu mpya zitaongezwa baadaye, zijazwe kwa mafungu madogo, na za zamani ziondolewe programu zitakapokuwa zimeacha kuzisoma.

Siku tuliyochagua ni Jumamosi isiyo karibu na mwisho wa mwezi wala na msimu wa karo, na jenereta itajaribiwa mchana wake, kwa sababu mvua za jioni hapa huondoka na umeme.

Katika mazoezi, kurejesha nakala kulichukua saa mbili na dakika kumi, na kukagua kulichukua nusu saa. Huduma ya simu inatakiwa kuwa hewani Jumapili saa kumi na mbili asubuhi. Tumehesabu kurudi nyuma kutoka hapo: ikiwa kufikia saa tisa usiku jumla ya akiba, hisa na mikopo haitakuwa imelingana mpaka senti ya mwisho, tunarudi 5.7. Uamuzi huo ni wa meneja peke yake, naye atakuwa chumbani pamoja nasi, akiwa na karatasi ya jumla za zamani aliyoitia sahihi mwenyewe kabla seva haijazimwa.