Mabwawa ya majitaka yamefungwa, kisima chako je?

Geti lina kufuli, na nyasi zimeifunika njia ya gari la kunyonya vyoo. Harufu imeisha, na mtaani wanasema uchafu nao umeisha.

"Mabwawa yakifungwa, uchafu umekwisha." Kwani watu wameacha kwenda chooni? Mashimo yanajaa kama zamani, na gari likishanyonya lazima limwage mahali. Bwawa la mji wa jirani likiwa mbali na dizeli ni ya kupimiwa, korongo la karibu linaanza kumvutia dereva. Masika ikifika, korongo linashusha kila kitu mtoni.

"Lilikuwa dimbwi la kinyesi tu." Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Bwawa la kwanza, lenye kina cha mita 2 hadi 5, halina hewa: uchafu mzito unazama na bakteria wanaula. La pili lina mita 1 hadi 2, nalo ni kijani kwa mwani, vimea vidogo sana vya majini. Mwani mchana unatoa oksijeni na kupunguza asidi ya maji, hali ambayo vijidudu vya tumboni hawaiwezi. Ya mwisho yana kina kidogo, kama mita 1, ili jua lipenye na kumalizia waliobaki. Hakuna pampu wala umeme. Ukijani ulikuwa dalili ya afya. Bwawa la kijani likigeuka waridi, ujue limezidiwa na mzigo.

"Tope lililokauka ni mbolea safi." Watu wanalipasua kwa jembe na kulipakia kwenye mikokoteni, kavu kama magamba ya mamba. Lakini mayai ya minyoo yaliyomo yana ganda gumu na yanaweza kukaa miaka kadhaa yakiwa hai. Msilinganishe na Mabogini, Moshi, ambako wakulima wanamwagilia mpunga maji yaliyokwisha kupita mabwawani. Mayai huzama njiani, na yanakozama ni humo humo topeni.

"Maji ya kisima changu yanang'aa, hayana kitu." Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba mililita 100 zisiwe na hata bakteria mmoja wa aina ya E. coli, anayetoka kwenye kinyesi. Jicho halimwoni.

"Nachemsha, basi." Chemsha, vijidudu vitakufa. Ila naitreti, kemikali inayopenya ardhini kutoka vyooni, haifi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inakolea. Kiwango cha juu kinachokubalika ni miligramu 50 kwa lita, na anayeumia kwanza ni kichanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo: damu inashindwa kubeba oksijeni na midomo inageuka bluu.

"Meno ya watoto yamekuwa kahawia kwa sababu ya majitaka." Hapana. Hiyo ni floridi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano, na watu wa Arusha na Meru wanaijua tangu zamani. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, ni shida hata pasipo choo karibu.

Ukipeleka maji maabara, usitumie chupa ya soda uliyoisuuza. Omba chupa yao iliyotakaswa, jaza, weka kwenye barafu, na ifike ndani ya saa 24. Mwambie mpimaji unataka vitu vitatu: E. coli, naitreti na floridi. Ukisema tu "nipimie maji", unaweza kurudi na karatasi ya majibu ya chumvi na rangi ya maji tu.