Kwa nini kaseti ya dakika 90 huchukua dakika 90 kuingia kwenye kompyuta?

Kunakili picha elfu moja kutoka kwenye flashi ni kazi ya dakika chache. Lakini kaseti moja tu ya mawaidha, au ya taarabu ya harusini miaka ya themanini, itakuweka mezani saa moja na nusu hata kama kompyuta yako ni mpya kabisa. Kwa nini?

Kwa sababu ndani ya kaseti hamna faili la kunakili. Tangu kampuni ya Philips ilipoizindua mwaka 1963, kaseti imebaki kuwa utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 3.81, uliopakwa unga wenye usumaku. Sauti imeachwa humo kama usumaku unaozidi na kupungua mfululizo. Hedi ya redio, yaani kile kichuma kinachogusa utepe, huhisi mabadiliko ya usumaku huo tu, kwa hiyo utepe ukisimama, hakuna sauti. Lazima upite, tena kwa mwendo ule ule uliorekodiwa, sentimita 4.76 kwa sekunde. Upande mmoja wa kaseti ya dakika 90 una karibu mita 129 za utepe. Kompyuta haina la kufanya ila kungoja umeme unaotoka redioni, kuupima mara 44,100 kila sekunde, na kuandika namba.

Je, tukiuharakisha utepe halafu tukapunguza mwendo ndani ya kompyuta? Si wazo la kijinga. Viwanda vilinakili kaseti kwa kasi kubwa kwa mashine maalumu, na deki nyingi za kaseti mbili zilikuwa na kitufe cha kunakili kwa kasi maradufu. Tatizo ni kwamba kasi ikizidi mara mbili, kila mlio nao hupanda mara mbili. Mlio wa hezi 12,000 (yaani mitetemo 12,000 kwa sekunde) unakuwa wa hezi 24,000, na anayepima mara 44,100 kwa sekunde hawezi kushika mlio unaozidi nusu ya hapo, yaani 22,050. Matari yanafifia, "s" zinapotea. Unaweza kuiambia kompyuta ipime mara 96,000, lakini saketi za redio yenyewe hazikuundwa kwa kasi hiyo. Bora ukae tu, usikilize.

Na kusikiliza kuna faida yake, maana si kila kaseti ilirekodiwa kwa mwendo sahihi. Harusi nyingi zilirekodiwa kwa redio ya betri. Betri zikianza kuchoka, mota inavuta na utepe unapita polepole. Ukija kuupiga leo kwa redio yenye umeme wa kutosha, mwimbaji anaanza vizuri, kisha sauti yake inapanda kidogo kidogo mpaka mwisho wa shughuli anaimba kitoto. Hilo linatibika. Programu kama Audacity, ambayo ni ya bure, inaweza kupunguza mwendo wa kipande kimoja kimoja. Chagua amri inayobadilisha mwendo na mlio kwa pamoja, si ile inayorefusha muda peke yake.

Kabla ya kuanza, vunja vile vijiplastiki viwili vya mgongoni mwa kaseti ili mtu asije akabonyeza kitufe chekundu na kufuta sauti ya bibi. Safisha hedi na kigurudumu cha mpira kwa pamba yenye spiriti, uache vikauke. Kama redio yako ina tabia ya kula kaseti, usiijaribishe na ile usiyo na nakala yake. Kisha tazama skrubu ndogo iliyo ubavuni mwa hedi, ile ambayo mafundi redio huigusa kwa bisibisi nyembamba huku kaseti ikiendelea kupiga. Mlio wa hezi 10,000 huchukua chini ya sehemu tano kati ya elfu moja za milimita kwenye utepe, hivyo hedi ikiinama hata kidogo tu, sauti inakuwa kama imefunikwa blanketi. Zungusha taratibu mpaka "s" zitoke kali. Hatua hii inashinda usafishaji wowote utakaofanya baadaye kwa programu.

Waya hutoka kwenye tundu la hedifoni la redio. Usiuchomeke kwenye tundu la maikrofoni la laptopu: mara nyingi linapokea upande mmoja tu wa stirio, tena linakuza sauti kupita kiasi. Kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la kupokelea sauti ya redio inatosha. Weka kipimo ili pale panapopigwa vigelegele sauti isifike sifuri, ambayo kwenye kompyuta ndiyo kikomo cha juu, si kimya. Ibaki kama desibeli sita chini yake. Utepe huvumilia kelele ikizidi kidogo, lakini kompyuta huikata kichwa, na kilichokatwa hakirudi.

Hifadhi kwanza faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, bila kuligusa. Kaseti nzima kwa stirio inakula karibu megabaiti 950. Kuondoa mvumo, kukata nyimbo moja moja na kutengeneza MP3 za kuwatumia ndugu kwa simu, yote hayo yafanyie kwenye nakala. Programu za kuondoa mvumo zinaboreshwa kila mwaka, na siku utakapopata iliyo bora zaidi utalitaka faili lile la kwanza, hasa kama redio ya kupigia kaseti imeshakufa.