Pasipoti ya Afrika Mashariki: kinachosomwa mpakani si rangi ya jalada

Pale Namanga, msafiri aliyetoka Arusha na mwingine aliyetoka Kajiado husimama kwenye foleni moja wakiwa wameshika vitabu ambavyo kwa mbali huwezi kuvitofautisha. Jalada ni la bluu, jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki liko juu, kisha jina la nchi na nembo ya taifa, na ile alama ndogo ya mstatili wenye duara katikati, inayoonyesha kwamba ndani ya kitabu kuna chipu. Katika kazi yangu ya kukagua hati za safari, swali ninaloulizwa zaidi huzaliwa hapo: "Kwa hiyo sasa sisi sote ni raia wa Afrika Mashariki?"

Hapana. Uraia unatolewa na kila nchi kwa sheria zake, na pasipoti inabaki kuwa mali ya serikali iliyoitoa. Hata viza hazikuunganishwa. Mkenya mwenye pasipoti ya kawaida anaingia Afrika Kusini bila viza tangu Januari 2023 kwa sababu nchi hizo mbili zilikaa na kukubaliana, na makubaliano hayo hayakumgusa jirani yake wa Uganda, ingawa jalada ni la rangi ileile. Kilichounganishwa ni namna kitabu kinavyotengenezwa na kusomwa. Hilo si jambo dogo, na ndilo ninalotaka tulielewe vizuri.

Wengi mtakumbuka pasipoti ya kwanza ya Afrika Mashariki, ya Aprili 1999. Ilikuwa ya safari za ndani ya Jumuiya tu. Ukitaka kwenda Dubai au London ulihitaji pasipoti ya taifa lako. Machi 2016, wakuu wa nchi walipokutana Arusha, walizindua pasipoti ya kielektroniki ya kimataifa yenye sura moja: bluu kwa raia wa kawaida, kijani kwa watumishi walio katika safari za kiserikali, nyekundu kwa wanadiplomasia. Kila nchi ikaanza kwa wakati wake. Kenya ilianza mwaka 2017, Tanzania Januari 2018, Uganda Desemba mwaka huohuo, Rwanda Juni 2019. Kuondoa vitabu vya zamani kulichukua muda zaidi ya ilivyopangwa. Kenya ilisogeza tarehe ya mwisho mara kadhaa hadi ikafika 30 Novemba 2022.

Kukubaliana sura moja si ubunifu wetu. Oktoba 1920, mkutano ulioitishwa Paris na Shirikisho la Mataifa ulipendekeza pasipoti ya aina moja yenye kurasa 32, maana baada ya vita kila nchi ilikuwa ikitoa karatasi ya namna yake na maofisa wa mipakani walikuwa wakibahatisha. Nchi za Ulaya Magharibi zilikubaliana juu ya jalada la rangi ya zambarau nyekundu mwaka 1981, lakini Kroatia imejiunga na Umoja wao na kubaki na bluu yake. Mashine haina habari na jalada.

Sasa fungua pasipoti yako kwenye ukurasa wenye picha. Chini kabisa kuna mistari miwili ya herufi kubwa, tarakimu na vialama hivi: <<<. Watu wengi hawajawahi kuisoma. Utaratibu wake unatoka kwenye waraka namba 9303 wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, na kila mstari una nafasi 44, si zaidi wala si pungufu. Wa kwanza huanza na P, kisha herufi tatu za nchi (TZA, KEN, UGA, RWA, BDI), kisha majina. Wa pili una namba ya pasipoti, uraia, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Katikati ya taarifa hizo zimepachikwa tarakimu za uhakiki. Chukua mtu aliyezaliwa 12 Mei 1990. Kwenye mstari itaandikwa 900512, yaani mwaka, mwezi, siku. Zidisha tarakimu moja moja kwa 7, 3, 1, kisha tena 7, 3, 1: unapata 63, 0, 0, 35, 3 na 2. Jumla ni 103. Tarakimu ya mwisho ya jumla hiyo ni 3, na hiyo 3 ndiyo inayoandikwa mara baada ya tarehe. Mtu akijipunguzia umri na kuifanya 1990 kuwa 1998, jumla inakuwa 127, na pale palipo na 3 panatakiwa 7. Mashine inakataa papo hapo. Chukua kalamu ujaribu na tarehe yako mwenyewe. Nimewafundisha hesabu hii vijana wa sekondari na hawakuisahau.

Mistari hiyo pia ndiyo chanzo cha usumbufu unaowapata watu wetu wenye majina kama Ng'ang'a au Ng'wandu. Mashine haina nafasi ya kiritifaa, hivyo jina linaandikwa NGANGA, bila pengo wala alama. Si kosa la mchapaji. Unapokata tiketi ya ndege, fuata herufi za mstari huo.

Halafu kuna chipu. Ndani yake zimo taarifa zilezile pamoja na picha yako, na juu yake serikali iliyotoa pasipoti imeweka sahihi ya kielektroniki. Ukibadilisha hata nukta moja ya picha, sahihi haikubali tena. Ila ili ofisa wa Rusumo athibitishe sahihi ya nchi jirani, anahitaji cheti cha kielektroniki cha nchi hiyo, kile kinachotumika kuitambua sahihi yake, kiwe kwenye mfumo wake. Nchi hubadilishana vyeti hivyo moja kwa moja au kupitia hazina ya pamoja inayosimamiwa na ICAO. Bila cheti, mashine inaisoma chipu lakini haiwezi kusema kama ni ya kweli. Kwa maoni yangu, kazi hii isiyoonekana ya kubadilishana vyeti ina uzito kuliko majalada yote tuliyofananisha, na inastahili bajeti na kufuatiliwa kama tunavyofuatilia ujenzi wa barabara.

Kadiri kitabu kinavyokuwa kigumu kughushi, ndivyo wadanganyifu wanavyokiacha na kuhamia kwingine. Anayetaka pasipoti isiyo haki yake siku hizi anatafuta kitabu halali kwa karatasi za uongo: cheti cha kuzaliwa cha kununua, barua ya serikali ya mtaa iliyoandikwa kwa kujuana, shahidi anayeapa kuwa anamfahamu mtu aliyemwona asubuhi ile. Akifanikiwa, chipu inasomeka vizuri, sahihi ni ya kweli, na ofisa wa upande wa pili wa mpaka hana cha kumshtua. Kwa kuwa jina la Jumuiya liko juu ya jalada, uzembe wa ofisi moja huwaangukia wasafiri wa nchi zote: wanaanza kuulizwa maswali mengi zaidi ugenini. Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa au mzee wa kata anapoombwa kumthibitisha mtu, ajue kwamba muhuri wake unafika mbali kuliko anavyodhani.

Kuhusu kitabu chenyewe: usikibane kwa pini, usikikunje, usikiweke mfuko wa nyuma ukakikalia. Chipu na waya wake mwembamba vikikatika, havisomeki tena. Siku ya kukichukua, kabla hujaondoka dirishani, linganisha ile mistari miwili na cheti chako cha kuzaliwa. Kosa linaloonekana pale linarekebishwa kwa urahisi kuliko lile unaloliona uwanja wa ndege.

Ukipoteza pasipoti, toa taarifa polisi na uhamiaji mapema. Namba yake hufutwa na inaweza kuingizwa kwenye orodha ya Interpol ya hati zilizoibwa au kupotea, inayoangaliwa na maofisa wa nchi nyingi. Ikija kuonekana mwezi unaofuata, nyuma ya kabati au kwenye sanduku la shangazi, irudishe uhamiaji. Usisafiri nayo. Kwenye mfumo bado ni hati iliyopotea, na atakayekuhoji hatajua kwamba wewe ndiye mwenyewe.