Msumeno Mmoja, Mafundi Wengi: Usalama wa Mashine ya Kupasua Mbao Kwenye Karakana ya Pamoja

Ukipita Keko jijini Dar es Salaam au Gikomba jijini Nairobi utakuta utaratibu uleule: mafundi wengi, mashine chache. Mwenye msumeno wa meza huwapasulia wenzake mbao kwa malipo, au mafundi hupanga chini ya paa moja na kila mmoja akawasha mashine zamu yake ikifika. Utaratibu huu umewasaidia wengi. Kijana aliyetoka chuo cha ufundi hana uwezo wa kununua mota, meza na diski kwa mpigo, na bila wenzake angebaki na msumeno wa mkono. Lakini kazi ya pamoja ina hatari yake, na sisi tunaofundisha useremala hatujaisema vya kutosha: fundi anaweza kuumizwa na hali aliyoiacha mwenzake mashineni.

Tuchukue kava ya diski, yaani kifuniko cha lile duara la meno linalokata mbao. Asubuhi fundi mmoja anaivua, pamoja na kisu cha nyuma, kwa sababu anachimba mfereji kwenye ubao na vinambana. Akimaliza anaviweka pembeni, juu ya rundo la mbao. Wa pili anakuja na mbili kwa nne zake, anakuta mashine iko wazi, anawasha. Wa tatu anafanya kama wa pili. Baada ya wiki hakuna anayejua kava ilipo, na mwanafunzi aliyeanza juzi anaamini kuwa msumeno wa meza umeumbwa hivyo. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba karakana ifanye kazi bila kava.

Kisu cha nyuma ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote, kwa hiyo nitakaa nacho kidogo. Ni kile kipande cha bati nene kinachosimama nyuma ya diski, ndani ya ufa ambao diski imeshaukata. Meno ya mbele yanashuka na kuubana ubao mezani. Meno ya nyuma yanapanda. Ubao ukijifunga nyuma ya diski, au ukipinda kidogo ukayagusa meno hayo yanayopanda, yanaunyanyua na kuutupa kwa aliyesimama mbele. Diski ya milimita 250 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, ncha za meno yake zinakwenda karibu mita 52 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 180 kwa saa. Ubao unaorushwa kwa nguvu hiyo unapasua tumbo. Tena mara nyingi mkono uliokuwa unausukuma unakosa pa kuegemea, unaangukia kwenye diski.

Mbao zetu nyingi zina tabia hiyo ya kujifunga. Mpaini wa mashambani, kama wa Sao Hill kule Mufindi, mara nyingi huvunwa ukiwa bado mchanga na huuzwa haujakauka sawasawa. Ukiupasua kwa urefu, nusu mbili hufunguka kama mkasi au huminyana papo hapo. Kisu cha nyuma huzuia ufa usifungike. Kiwe kinene kuliko bati la diski lakini chembamba kuliko ufa unaokatwa na meno, na kisikae mbali na meno zaidi ya milimita 8 usawa wa meza. Mashine iliyoundwa mtaani bila kisu hicho inaweza kutengenezewa na mchomeleaji yeyote makini, mradi kifungwe kwa boliti imara na kisimame kwenye mstari mmoja na diski. Gharama yake ni ndogo mno kwa kazi inayofanya, na ningekuwa na uwezo wa kuamuru kitu kimoja tu katika karakana zetu, ningeamuru hicho.

Mashine hizi za kuundiwa mtaani zina jambo jingine, nalo ni puli, yale magurudumu ya mkanda unaopeleka nguvu ya mota kwenye shafti ya diski. Mota ya kawaida ya umeme wetu huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Ukiweka puli ya inchi 6 kwenye mota na ya inchi 3 kwenye shafti, diski itazunguka karibu mara 5,800. Kila diski nzuri imeandikwa mwendo wake wa juu kabisa. Fundi mmoja akibadilisha puli ili mashine ikate haraka, na mwingine akafunga diski kubwa bila kujua, meno yanaweza kuchomoka yakaruka kama risasi. Andikeni mwendo wa shafti kwa rangi kwenye mwili wa mashine, ili kila anayefunga diski aulinganishe na ule ulioandikwa juu ya diski.

Halafu kuna umeme kukatika. Mashine inazima katikati ya kazi, fundi anaondoka kunywa chai, swichi imebaki imewashwa. Mwenzake anaona vipande vimenasa kando ya diski, anaingiza vidole kuvitoa. Umeme unarudi. Swichi ya kawaida ya ukutani haifai kabisa kwa msumeno. Inayotakiwa ni swichi ya vibonyezo viwili yenye kontakta: umeme ukikatika inajiachia, na ukirudi mashine inabaki imezima mpaka mtu abonyeze tena. Fundi umeme yeyote mwenye leseni anaijua. Mpaka mtakapoifunga, sheria ya karakana iwe kwamba umeme ukikatika, aliyeshika mashine anazima swichi na kuchomoa plagi kabla hajapiga hatua. Vivyo hivyo mtu anapobadilisha diski: plagi ikae mahali anapoiona kwa macho yake.

Kwenye karakana ya pamoja mara nyingi watu wawili hushika ubao mmoja, hasa ule wa futi 12. Wa mbele anasukuma, wa nyuma anapokea, na hapo kuna mazoea mabaya: wa nyuma anavuta. Akivuta kwa kasi kuliko anavyosukuma mwenzake, mikono ya wa mbele inafika kwenye diski kabla hajajiandaa. Akiuinua au kuupinda ubao, anausababisha urushwe. Kazi ya wa nyuma ni kubeba uzito tu. Mwendo ni wa yule anayesukuma. Waingereza wanataka meza irefushwe nyuma hadi iwe angalau milimita 1,200 kutoka kwenye meno yanayopanda, na msaidizi asimame mwisho wa meza hiyo. Mbao nne na miguu miwili zinatosha kuunda nyongeza hiyo. Ikishakuwepo, mara nyingi mtagundua kuwa msaidizi hahitajiki hata kidogo.

Anayesukuma asimame kando ya mstari wa diski. Diski ipande juu ya ubao kiasi cha meno kuonekana tu, na upau wa kuongozea uwe sambamba nayo. Upimeni mbele na nyuma, maana aliyetangulia huenda aliugonga. Ukipasua kwa urefu, sentimita 30 za mwisho zisukumwe kwa kijiti, na ubao mfupi kuliko hapo usukumwe kwa kijiti tangu mwanzo. Vijiti viwe viwili au vitatu na vifungwe kwa kamba kwenye mashine, kwa sababu kijiti kisichokuwa karibu hakitumiki. Usikate kamwe kwa macho bila upau wala kiongozi, hata kama ni kipande kidogo tu cha kuwekea kabari. Glavu vueni: uzi mmoja ukinaswa unavuta kiganja kizima. Mikono mirefu ikunjwe, ndala zibaki mlangoni, miwani ivaliwe.

Vumbi nalo ni hatari. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 1995, na mvule unajulikana kwa kuwasha ngozi na kubana kifua. Fagieni baada ya kunyunyiza maji kidogo, vaeni barakoa nzuri, na mashine ikae penye upepo unaopita.

Haya yote yanahitaji mwenyewe. Chagueni fundi mmoja awe msimamizi wa msumeno, mwenye mamlaka ya kumwambia hata mzee wa karakana, "Shikamoo mzee, leo diski haina makali, subiri kwanza," na mzee akasubiri. Kila anayemaliza arudishe kava na kisu, ashushe diski chini ya meza, na aseme kama kuna kilichoharibika. Mteja na watoto wakae nje ya mstari uliochorwa sakafuni. Anayetaka kuzungumza na mwenye mashine asimguse bega kutoka nyuma. Azunguke asimame anapoonekana, angoje.

Na ajali ikitokea: zimeni mashine, kandamizeni jeraha kwa kitambaa safi, inueni mkono juu ya moyo. Kidole kilichokatika kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kiingizwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko huo uwekwe kwenye maji yenye barafu; barafu isikiguse kidole chenyewe. Mpelekeni hospitali mara moja pamoja na kidole. Msipake kahawa, majivu wala dawa ya meno. Mashine ibaki kama ilivyokuwa mpaka msimamizi ajue kilichosababisha. Nchini Tanzania mwajiri anapaswa kutoa taarifa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na mwajiriwa aliyeumia ana haki zake katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Fundi anayekodi tu nafasi, bila kuajiriwa na mtu, mara nyingi hana kinga hiyo, kwa hiyo ulizeni mapema kuhusu bima ya afya, na wekeni akiba ya pamoja ya matibabu kabla mkono wa mtu haujakatwa.